Ada ya Mwezi na Umeme wa Jua: Hesabu ya Nyumba ya Askari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo yafaa kubandikwa juu ya mita ya umeme katika kila nyumba, kwani hapo ndipo sehemu ya mshahara hupita kila mwezi bila kuhojiwa. Mama wa nyumba hutuma shilingi 5,000 kwa simu, hupokea tokeni, huingiza tarakimu moja baada ya nyingine, kisha hushangaa kuona uniti zilizoingia ni chache kuliko alizozitazamia. Katikati ya mwezi huo huo hutuma kiasi kile kile na kupata uniti nyingi zaidi. Hapo lawama humwangukia fundi, au jirani anayedhaniwa kuiba umeme, au mtoto aliyesahau kuzima taa. Mara nyingi wote hao hawana hatia. Ununuzi wa kwanza wa mwezi ulikatwa ada ambayo haihusiani kabisa na idadi ya uniti.

Ada hiyo huitwa ada ya huduma, na sifa yake kubwa ni kutobadilika. Aliyewasha taa moja na aliyewasha nyumba nzima hulipa sawasawa. Katika miaka ya mwisho ya kampuni ya Umeme, iliyosambaza nguvu hizo nchini Uganda tangu Machi 1, 2005 hadi Machi 31, 2025 kabla ya shirika la serikali la UEDCL kushika kazi hiyo, mteja wa nyumbani alitozwa shilingi 3,360 kila mwezi. Uniti 15 za kwanza ziliuzwa kwa bei ya nafuu ya shilingi 250 kila moja, ili mwenye kipato kidogo asikose mwanga.

Zichukuliwe nyumba mbili zitumike kama mfano wa hesabu. Nyumba ya kwanza ni ya konstebo mwenye chumba kimoja, taa tatu, redio na simu; yatumia uniti 10 kwa mwezi. Bei ya uniti hizo ni shilingi 2,500. Ikiongezwa ada ya 3,360, jumla huwa shilingi 5,860 kabla ya kodi. Maana yake ni kwamba uniti moja, iliyotangazwa kuwa ya nafuu kwa shilingi 250, kwa kweli imemgharimu konstebo shilingi 586, na ada peke yake imezidi thamani ya umeme wote aliotumia. Nyumba ya pili ina jokofu, televisheni kubwa na pasi. Yatumia uniti 100. Ada ile ile ikigawanywa kwa uniti hizo haifiki shilingi 34 kwa kila moja. Kwa hiyo mzigo mmoja umewekwa juu ya mabega mawili yasiyolingana, na bega dogo ndilo lililolemewa.

Msomaji atauliza: kama ni hivyo, kwa nini ada hii isifutwe mara moja? Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake halina budi kupitia kwenye nguzo. Umeme hautoki ukutani. Watoka katika mabwawa kama lile la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo kituo chake leo huitwa Nalubaale. Wapita katika nyaya kubwa, wafika katika transfoma ya mtaa, washuka katika nguzo, kisha mita. Vitu hivyo vyote vina gharama hata siku ambayo hakuna aliyewasha taa. Nguzo huoza au huliwa na mchwa ikiwa mwenye nyumba yupo au yuko safarini. Fundi wa zamu hulipwa mshahara usiku wa mvua na usiku wa mbalamwezi. Kambi ya jeshi yaelewa jambo hili kuliko mtaa wowote, kwa sababu mlinzi wa lango hulipwa hata mwaka ambao adui hakuonekana.

Kwa hiyo gharama ipo, na ubishi wote ni juu ya namna ya kuigawa. Zipo njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuitoza kama ada ya mwezi, kila nyumba kiasi kile kile. Ya pili ni kuificha ndani ya bei ya uniti, ili atumiaye nyingi alipe nyingi. Nchi mbili jirani zimeijaribu njia hii ya pili katika muda usio mrefu, na kila moja imeacha funzo lake.

Nchini Tanzania wateja wa kawaida wa nyumbani na wa biashara ndogo walikuwa wakilipa ada ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi. Aliyekaa miezi mitatu bila kununua umeme alikuta deni la miezi mitatu limemngojea ndani ya LUKU, likameza fedha zake kabla hajapata uniti hata moja. Kuanzia Aprili 1, 2016 mamlaka ya EWURA iliifuta ada hiyo, na bei ya uniti kwa wateja hao ikashuka pia, kutoka shilingi 298 hadi 292. Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini gharama za shirika la umeme hazikufutwa pamoja na ada. Mwishoni mwa mwaka huo huo ilitangazwa kwamba bei ingepanda kwa zaidi ya asilimia 8, na serikali ikaizuia kabla haijaanza. Kisha, kuanzia mwaka 2021, mita ile ile ikapewa kazi nyingine: kukusanya kodi ya jengo, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, iliyopandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Kodi hiyo ni ya jengo na si ya umeme. Hata hivyo kwa anayeingiza tokeni gizani, ni makato ya mwezi yasiyotegemea matumizi.

Nchini Kenya mambo yalikwenda kwa njia ngumu zaidi. Mteja wa nyumbani alilipa ada ya shilingi 150 za Kenya kwa mwezi, na uniti 50 za kwanza zilikuwa rahisi mno, shilingi 2.50 kila moja. Katikati ya mwaka 2018 ada ilifutwa, tangazo likapokewa kwa shangwe. Shangwe hizo zilikoma mara watu walipotazama bei mpya: shilingi 12 kwa uniti kwa asiyezidi uniti 10 kwa mwezi, na 15.80 kwa anayezidi hapo. Nyumba ya uniti 40, ambayo awali ililipa shilingi 250 pamoja na ada, sasa ilidaiwa shilingi 632, bila kuhesabu gharama ya mafuta na kodi. Kelele zilikuwa nyingi, na kuanzia Novemba mwaka huo watumiaji wasiozidi uniti 100 waliwekewa bei ya shilingi 10. Hata hapo nyumba ile ya uniti 40 ililipa shilingi 400, yaani zaidi ya ilivyolipa wakati ada ingalipo.

Funzo la nchi hizo mbili ni hili: mtu asishangilie kufutwa kwa ada kabla hajasoma bei ya uniti, wala asililie kuwekwa kwa ada kabla hajafanya hesabu hiyo hiyo. Mkono unaotoa waweza kuwa na mwenzake unaochukua.

Mpaka hapa mambo yangekuwa mepesi kama umeme ungekuwa na mlango mmoja tu. Lakini sasa limeingia jua. Paneli za sola, ambazo zamani zilionekana katika zahanati na vituo vya misheni, leo zimo juu ya mabati ya walimu, askari na wakulima. Ujio wao umeamsha mgogoro ambao nchi tajiri zimekwisha kuuonja, na kila anayetaka kununua paneli angefaidika kuujua.

Mfano ulio wazi zaidi ni jimbo la California nchini Marekani. Tangu miaka ya 1990 mwenye nyumba aliyefunga paneli aliruhusiwa kuurudisha katika nyaya za kampuni umeme uliomzidi mchana, na kila uniti aliyoirudisha ilihesabiwa kwa bei ile ile aliyonunulia usiku. Kivutio hicho kilifanya kazi vizuri kupita kiasi. Mapaa yenye paneli yalizidi milioni moja, na wengi wa wenye mapaa hayo wakawa hawalipi karibu chochote. Hata hivyo usiku, jua lilipozama, walitumia nguzo na nyaya zile zile kama ghala lao. Gharama za ghala hilo zilikuwa ndani ya bei ya uniti, nao hawakununua uniti. Zikawaangukia wapangaji na maskini wasio na paa la kufungia kitu. Hivyo ndivyo walivyodai wenye kampuni na baadhi ya watetezi wa wanyonge. Watetezi wa sola walijibu kwamba paneli hizo zilipunguza haja ya kujenga mitambo na nyaya mpya, na kwamba faida hiyo ilikuwa ya kila mtu. Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli.

Wasimamizi wa jimbo walichukua hatua mbili. Desemba 2022 waliamua kwamba atakayeomba kuunganishwa baada ya Aprili 14, 2023 alipwe kidogo zaidi kwa umeme anaourudisha. Thamani yake ilishuka kwa takriban robo tatu. Kisha Mei 2024, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2022, wakaidhinisha ada ya mwezi ya dola 24 na senti 15 kwa nyumba nyingi zinazohudumiwa na kampuni kubwa za binafsi, huku bei ya uniti ikipunguzwa kwa senti 5 hadi 7. Lakini hawakumtoza kila mtu sawa. Nyumba za kipato cha chini kabisa zilipangiwa dola 6, na zile za kundi linalofuata dola 12. Nayo serikali kuu ya Marekani, iliyokuwa ikirudisha asilimia 30 ya gharama za sola kupitia kodi ya mapato, ilikatisha nafuu hiyo kwa mitambo ya nyumbani mwishoni mwa mwaka 2025.

Afrika Kusini nayo ilipita njia inayofanana. Umeme ulipokuwa ukikatwa mara kwa mara, serikali ilimrudishia mlipa kodi asilimia 25 ya gharama ya paneli mpya, isizidi randi 15,000, kwa paneli zilizofungwa kati ya Machi 1, 2023 na Februari 29, 2024. Betri hazikuhesabiwa. Nafuu hiyo ilimfaa mwenye fedha za kununua paneli kwanza na mwenye mshahara wa kutozwa kodi. Mama muuza mboga hakuwa miongoni mwao. Aprili 2025 shirika la Eskom likapanga upya bei zake: kwa nyumba za kawaida bei ya uniti ilipungua na ada za mwezi zikaongezeka, ilhali wateja wadogo waliachwa bila ada.

Katika habari hizo zote upo mwendo mmoja. Vivutio huja mwanzoni, wakati wenye sola ni wachache, na huondoka wanapokuwa wengi. Hata karibu na nyumbani imeonekana: Kenya iliweka kodi ya ongezeko la thamani juu ya vifaa vya sola mwaka 2020, ikaiondoa mwaka 2021. Nchi hiyo hiyo, kwa kanuni za mwaka 2024 zilizotokana na Sheria ya Nishati ya 2019, imemruhusu mwenye paneli kurudisha umeme katika nyaya, lakini kwa kila uniti mbili anazorudisha huhesabiwa moja tu. Kwa hiyo asiyekuwa mwangalifu aweza kununua mtambo kwa hesabu ya leo, na kuulipia katika hali ya kesho.

Je, familia ya askari ishike lipi? Kwanza itofautishe sola za aina mbili. Ipo iliyounganishwa na nyaya za shirika, ambayo ndiyo yenye mabishano ya California. Nyingi za namna hiyo, kama hazina betri, huzimika zenyewe umeme wa shirika unapokatika, ili fundi aliye juu ya nguzo asije akauawa na umeme utokao nyumbani kwa mtu. Aliyeinunua kwa ajili ya kukwepa giza atabaki gizani pamoja na jirani zake. Ipo pia inayojitegemea: paneli, betri, kifaa cha kusimamia chaji, na taa. Hii ndiyo inayofaa nyumba nyingi za kambini na vijijini.

Pili, ipime mahitaji yake kwa namba. Taa tatu za wati 5 zikiwaka saa tano hutumia wati-saa 75. Redio ya wati 5 kwa saa sita ni 30. Simu mbili zahitaji kama 20. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa nne ni 120. Jumla ni 245, na paneli nzuri ya wati 100, katika nchi zetu zilizo chini ya mstari wa ikweta au jirani nao, yaweza kutoa kiasi hicho siku ya jua la kawaida, baada ya kupunguza upotevu wa njiani. Lakini askari hawezi kwenda gwaride na sare iliyokunjamana. Pasi ya umeme ya wati 1,000 ikitumika nusu saa humeza wati-saa 500, mara mbili ya taa, redio, simu na televisheni vikiwekwa pamoja. Mtambo mdogo hautaiweza. Nyumba yenye busara huiachia sola mwanga na habari, na hupiga pasi sare za wiki nzima siku moja kwa umeme wa shirika au kwa pasi ya mkaa.

Tatu, isiisahau betri. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 huandikwa kuwa na wati-saa 1,200, lakini ikimalizwa kila siku hufa mapema. Nusu yake ndiyo ya kutumia. Ile ya kujazwa maji itiwe maji safi yaliyokenekwa, wala si ya bomba, na ikae mahali penye hewa, mbali na kitanda cha watoto. Anayeweka akiba ya kununua paneli bila kuweka akiba ya betri itakayofuata amejenga nyumba ya ukuta mmoja.

Nne, na hapa ndipo maisha ya askari yanapotofautiana na ya raia, ikumbuke uhamisho. Amri huja Jumatatu na lori husubiri Jumatano. Paneli iliyopigwa misumari juu ya nyumba ya serikali huwa vigumu kuihamisha, na aliyefuata huiona kama sehemu ya nyumba. Paneli iliyofungwa kwa boliti juu ya fremu yake hushuka kwa nusu saa. Mkataba wa kulipia sola kidogo kidogo kwa simu haumalizwi na uhamisho. Kiandikwe ni miezi mingapi imebaki na ni nani atakayelipa. Vilevile mita iliyosajiliwa kwa jina la aliyehama iripotiwe kwa maandishi kwa ofisi ya umeme siku ya kuondoka. Ada ya mwezi haijui kwamba mwenye nyumba amehama. Huendelea kuhesabu, na huweza kumngoja yeye au mrithi wake.

Jambo hilo ni zito zaidi kwa nyumba ambayo baba yuko kazini nchi za mbali. Mke ndiye anayelipa, lakini mara nyingi mkataba, namba ya mita na namba ya siri ya simu vimo mfukoni mwa mume. Akikawia kurudi, au asiporudi kabisa, mjane hukuta taa zimefungwa na kampuni kwa deni ambalo hakulijua, ilhali fedha za malipo zingalikuwepo kama angalijua wa kulipwa. Kabla ya safari, mume na mke wakae mezani, waandike katika daftari moja: namba ya mita, ada ya kila mwezi, kiasi kilichobaki katika mkataba wa sola, na tarehe ya mwisho. Daftari libaki nyumbani, na mke awe na haki ya kulifungua bila kuomba ruhusa.

Wale wenye madaraka ya kupanga bei wanalo jukumu lao pia. Mifano ya California na Afrika Kusini imeonyesha kwamba ada ya mwezi si lazima iwe mkuki kwa maskini. Yaweza kupangwa ngazi kwa ngazi, au kuondolewa kwa watumiaji wadogo. Bei ya nafuu ya uniti 15 haina maana kubwa kama mlangoni pake pamewekwa ada inayozidi uniti zenyewe. Konstebo wa chumba kimoja haombi nguzo za bure. Anaomba tu alipie sehemu ya nguzo inayolingana na mwanga anaoupata, na aambiwe bei hiyo waziwazi kabla hajatuma fedha zake.